Mvua ya Saa Mbili

Zdenka alinipigia simu wiki ya tatu ya ukame.
Kuna mvua, akasema, kila usiku saa mbili,
nyembamba, imenyooka kama fimbo,
kutoka kwenye rada yetu hadi mpaka wa Austria,
na haimlowanishi mtu.

Mimi ni mkaguzi wa masafa. Kazi yangu
ni kupima ugomvi wa vitu visivyoonekana:
redio ya teksi iliyoingilia mnara wa ndege,
kengele ya mlango inayozima funguo za magari mtaa mzima.
Hewa ni nyumba ya kupanga, husema bosi wangu,
kuta zake karatasi, na kila mpangaji
anadhani yuko peke yake.

Tukapanda Pohorje, mimi na Bogomir,
antena juu ya gari ikigeuka kama shingo ya bundi.
Misonobari. Kanisa limefungwa. Mbwa.
Digrii mia mbili na kumi na nne, akasoma Bogomir,
na mshale ukatulia
kwenye ua wa mzee Ferdo Krivec.

Chini ya paa la ghala kilining'inia kisanduku
chenye antena nne, kimenunuliwa kwa mtu, sokoni Maribor.
Vya aina yake hufundishwa adabu kiwandani:
sikiliza kwanza; ukiisikia rada, hama;
yeye ndiye mwenyeji, wewe umekaribishwa.
Hiki mtu alishakidanganya kuhusu nchi yake,
akakiambia kipo mahali pasipo rada.
Kikaamini. Kikapaza sauti.

Wahenga walisema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Lakini rada si ng'ombe.
Rada hutupa neno moja angani, ikangoja
mwangwi dhaifu kuliko pumzi ya sisimizi,
na chura akikoroma papo hapo
huandika: mvua.

Nilikuwa na fomu. Nilikuwa na faini ya tarakimu nne.
Nikauliza, saa mbili usiku unafanya nini, mzee?

Akatupeleka nyuma, mita tisini, penye mizinga,
mbao zake za mbele zimechorwa: mbweha akimnyoa mwindaji.
Juu ya mzinga wa kijani palikuwa na simu,
imelazwa kifudifudi, imefungwa kwa utepe.
Neža, bintiye, ni muuguzi Tromsø, zamu za usiku.
Kabla hajaingia wodini humwomba baba
asiongee, asimuulize kama amekula.
Aiweke tu simu pale.

Kumbe mvua ile ilikuwa nyuki.
Nyuki elfu arobaini wakiipoza nyumba yao kwa mbawa,
na Zdenka, kule kilimani, akiwapaka rangi ya buluu
na kuwatangazia wakulima.

Nilikizima mwenyewe.
Bogomir akakirudishia nchi yake halali, akapunguza nguvu
mpaka mawimbi yakaishia kwenye mtofaa wa pili,
mita sitini kabla ya mizinga.

Basi sogeza mzinga, nikasema.
Ferdo akanitazama jinsi watu wa mjini wanavyostahili kutazamwa.
Ukiubeba hatua kumi, akasema,
nyuki wakitoka malishoni watazunguka pale pa zamani,
palipo hewa tupu, mpaka wafe.
Ni nusu hatua kwa siku. Wasijue.

Kwenye fomu niliandika: onyo.
Palipoandikwa "sababu" nikapaacha wazi.

Zdenka anasema skrini imetakata, nyeusi ti,
fimbo haipo, na mvua yenyewe bado haijaja.
Mimi nahesabu. Jana ilikuwa siku ya thelathini na moja;
mzinga wa kijani umekipita kisima.
Ferdo amepiga hesabu yake pia: theluji
itawahi kufika kabla ya nyuki.
Hata hivyo, saa mbili, simu hulazwa palepale,
na Tromsø, mtu aliyevaa sare nyeupe
anasikiliza mikwaruzo, mikwaruzo,
na mara moja moja,
bawa.